Funga ya Mwanakuu

Mwanakuu binti Athumani alipenda kula, na hakuona sababu ya kuficha. Akialikwa harusini hakuwa mtu wa kungoja kubembelezwa. Alikunja mikono ya buibui, akasogea kwenye sinia, na pilau isipokolea alisema haikukolea, mwenye shughuli akinuna shauri yake. Aliupenda ukali kuliko kitu: pilipili mbuzi, ndimu, embe bichi la chumvi, achari iliyokaa juani mpaka ikampiga puani mtu anayefungua chupa. Chakula kisichouma ulimi alikiita chakula cha wagonjwa, na alisema hivyo mbele ya mpishi. Basi huyo ndiye aliyekuja kushindwa, mwaka wake wa mwisho duniani, kumeza hata mate yake mwenyewe.

Alikaa Mji wa Kale, katika kichochoro kimoja cha nyuma ya Kibokoni, chumba na ukumbi vya chini alivyoachiwa na marehemu mumewe, mtu aliyebeba magunia katika maghala ya Shimanzi mpaka mgongo ukamkataa. Hawakujaliwa mtoto. Kazi yake ilikuwa kushona kofia za mkono, zile za kutoboa vitobo vidogo na kuvizungushia uzi kimoja kimoja mpaka macho yaume, na alizishonea katika ukumbi wa Mwanaesha, jirani wa mlango wa pili, kwa sababu ukumbi ule ulipata upepo. Yeye na Mwanaesha walisoma chuo kimoja cha Kurani, wakaionja bakora ya mwalimu mmoja, wakaolewa mwaka mmoja, na waume zao walipokufa wakaanza kula pamoja. Kila magharibi baada ya sala, sinia moja. Leo anapika huyu, kesho yule. Aliyepika huuweka mnofu mzuri wa samaki upande wa mwenzake, mwenzake huurudisha, na hapo huanza ugomvi wao mdogo wa kila siku mpaka mnofu wenyewe unapoa.

Katika mtaa ule mtu hakosi sinia aliyoizoea hivi hivi tu. Ama yuko safarini, ama ni mgonjwa, ama mmegombana. Na ikiwa hakuna hata moja kati ya hayo, basi kuna kitu anachokiogopa katika mkono wako au katika nyumba yako, na hilo halisemwi bali linajulikana.

Ugonjwa wa Mwanakuu ulianza na homa za jioni. Ramadhani iliyotangulia ilimshinda baadhi ya siku, akala mchana kwa udhuru na roho ikimuuma. Kisha yakatokea matezi, moja kwapani, mengine shingoni, magumu na yasiyouma, na nguo zake zikaanza kumpwaya. Alikwenda hospitali peke yake. Akakatwa kidogo kwapani, nyama ikapelekwa kupimwa, na alipoitwa tena daktari akamkalisha kitako akamwambia ni saratani ya matezi, na kwamba kuna dawa ya mshipani ambayo huenda ikasaidia, ila yenyewe nayo ni kali. Mwanakuu akauliza swali moja tu, kama nywele zitatoka. Akaambiwa zitatoka. Akashukuru kwamba yeye ni mwanamke wa kujitanda, akarudi nyumbani, akamwambia Mwanaesha kwamba lilikuwa jipu na limetumbuliwa, na kwamba kuanzia sasa atakuwa akienda kliniki ya presha.

Utauliza kwa nini amfiche mtu aliyekula naye sahani moja miaka yote hiyo. Sababu ilikuwa na jina, na jina lenyewe ni Shee.

Shee alikuwa mtoto wa pekee wa Mwanaesha. Alikuwa taniboi, msaidizi wa dereva, wa malori ya masafa, yale yanayopakia Shimanzi yakaenda mpaka Malaba na kupita. Alirudi nyumbani mara ya mwisho miaka miwili nyuma, amekwisha, mbavu unazihesabu juu ya shati, kinywani ana utando mweupe kama tui lililoganda. Mamake alisema ni kifua kikuu. Watu wakaitikia kwa kutikisa vichwa, mmh, kifua kikuu, na wakitoka nje wakatazamana. Wanawake waliozoea kuingia moja kwa moja mpaka jikoni wakaanza kupiga hodi na kusalimia wakiwa kizingitini, mguu mmoja nje. Miaka ile kila mtu alikuwa daktari wa ugonjwa mmoja. Ukikonda, ukitoka vipele, ukiota vidonda vya mdomo, hapakuwa na haja ya maabara. Mtaa ulikuwa umekwisha kukupima. Jina lolote utakalolitaja wewe litapokewa kama kilivyopokewa kile kifua kikuu. Mwanakuu aliyaona hayo yote kwa macho yake, na akajiapiza kwamba yeye hataingia katika midomo ya watu namna hiyo.

Dawa yenyewe ilikuwa nyekundu. Iliingia mkononi kwa mpira, nyekundu kama sharubati ya harusi, na muuguzi aliyemshughulikia, Sista Jael, mwanamke wa bara mwenye sauti ya chini na mikono mikavu, alimwekea kipande cha barafu mdomoni akimwambia akimung'unye dawa inapoingia, kwani hupunguza madhara. Akampa maneno ya kwenda nayo nyumbani. Mdomo utachubuka siku chache baadaye, na koo pia. Asukutue kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo na ule unga wa soda wa kuumulia mikate, mara nyingi mchana kutwa, si mara moja. Anywe maji kidogo kidogo, mdomo usikauke. Aache mswaki wa mti, utamchoma fizi. Atumie kitambaa laini kidoleni. Chai iache ipoe. Pilipili hapana, ndimu hapana, ukwaju hapana. Mwanakuu alicheka. Akamwambia Sista Jael amtajie basi kilichobaki, maana hapo ameshamaliza Mombasa nzima.

Mara ya kwanza ilipita salama, ulimi uliwasha tu. Mara ya pili haikuwa na mchezo. Aliamka asubuhi akidhani amelala na kitu kinywani, na kumbe ni ulimi wake, umevimba na umechanika pembeni. Ndani ya mashavu palikuwa pametokea vidonda vyeupe vyenye kingo nyekundu. Alipomeza, maumivu yalishuka naye hatua kwa hatua mpaka kifuani na yakabaki pale yakimngoja ameze tena. Chai ya jana, baridi, ilimtoa machozi. Na usiku wa siku hiyo ilikuwa zamu ya Mwanaesha kupika, naye alikwisha kumwambia tangu jana kwamba amepata kamba wazuri sana na atawatia pilipili ya kutosha, kwa vile anamwona shoga yake amepoteza hamu ya kula.

Alipokuwa amekaa katika ukumbi wa Mwanaesha na kofia mapajani, akaletewa kahawa na kipande cha mkate wa sinia. Mwanakuu aliitazama ile kahawa inavyofuka moshi.

"Nimefunga," akasema. "Nalipa kadha zangu kabla Ramadhani haijanifika."

Lilikuja jepesi, bila kufikiriwa, na lilikuwa neno zuri. Shaabani ilikuwa imeingia, na wanawake wengi mtaani walikuwa wakilipa siku zao. Mtu aliyefunga haulizwi kwa nini hali. Mtu aliyefunga akinyamaza ni kwa sababu ana kiu, akikonda ni funga, mdomo ukimnuka ni funga pia. Mwanakuu aliona amepata mlango. Kwamba mlango huo unafungwa kwa nje, hilo hakuliona mpaka baadaye.

Mwanaesha aliiondoa kahawa haraka, akaomba radhi. Kisha akakaa, akafikiri kidogo.

"Basi na mimi ntafunga nawe," akasema. "Futari ya mtu mmoja haina raha. Ntapika mimi siku zote, wewe ushone tu."

Ndivyo ilivyokuwa. Kuanzia kesho yake wajane wawili walifunga, mmoja kwa nia na mwingine kwa uongo. Jua la Disemba la Mombasa halina huruma. Hata vigae vya paa vilikuwa vikilia. Walikaa ukumbini tangu asubuhi mpaka alasiri, goti kwa goti, na maji ambayo Sista Jael aliyaamuru yanywewe kidogo kidogo mchana kutwa yakawa ndiyo kitu pekee ambacho Mwanakuu hawezi kukigusa. Mdomo ulikauka. Midomo ikapasuka. Mate yalikuwa mazito na machache, hata uzi wa kofia, ambao mshonaji huulowesha kwa ncha ya ulimi kabla ya kuutia katika sindano, ulimshinda kuulowesha. Mwanaesha alimwona akihangaika, akauchukua uzi, akautia kinywani mwake mwenyewe, akautunga sindano, akamrudishia. Na kila adhuhuri Mwanakuu alisema anakwenda kusali kwake, akaingia ndani, akakomea, akasukutua haraka haraka kwa maji ya chumvi akiyatema polepole kwenye beseni, kwani ukuta kati ya nyumba zile mbili ulipitisha hata kikohozi. Kisha akanywa mafunda mawili, akajipangusa, akarudi kukaa na mwenye funga ya kweli.

Halafu magharibi. Mwanaesha alikuwa mpishi, na alimpikia mwenzake kama anavyopikiwa mtu aliyetoka safari ya mbali. Uji wa pilipili manga, ule wa kufungulia, mkali na wa moto. Viazi vya nazi vilivyokamuliwa ndimu. Mchuzi wa papa wa ukwaju. Bajia. Vyote vile ambavyo Mwanakuu alivipenda maisha yake yote, na vyote vikali kama kisu. Mwanakuu alifungua kwa tende, na hata tende, tende yenyewe, ilimng'ang'ania kwenye vidonda. Alimeza. Machozi yakamtoka, akasema ni pilipili. Mwanaesha akafurahi kwamba mkono wake bado una nguvu, akamsogezea bakuli la pili. Aliyezoea kuusifu ukali hawezi kugeuka siku moja akauomba uondolewe bila kueleza, na kueleza ndiko alikokukimbia.

Ungedhani alichoogopa ni mtaa. Mtaa aliuogopa, ndiyo, lakini mtaa ungesema ukachoka, na yeye hakuwa na binti wa kuolewa wala jina la kulinda. Alichokiogopa kilikuwa karibu zaidi.

Shee alipolala mgonjwa kwa mamake, Mwanakuu alikwenda kumtazama kila siku. Hili alijisifia moyoni: wengine walikomea kizingitini, yeye aliingia. Alimpepea, alimsomea, alimtania kama alivyomtania tangu mdogo, kwani yule mtoto alikuwa wake pia, amemwogesha na kumchapa na kumficha asichapwe, naye akimwita mama mdogo. Lakini katika miezi ile yote hakula kitu katika nyumba ile. Hakunywa hata maji. Aliogopa vikombe. Aliogopa sahani, vijiko, mkono wa Mwanaesha uliotoka kumpangusa mtoto mdomo. Waliokuja na karatasi zao za kueleza watu kwamba ugonjwa ule hauenei kwa sahani alikuwa amewasikia, na aliwaamini mpaka ilipofika saa ya kuinua kikombe. Na kila alipokaribishwa alisema amefunga. Jumatatu ni sunna. Alhamisi ni sunna. Siku nyingine ni kadha. Mwanaesha akiitikia, haya, Mungu akutilie nguvu, na kula peke yake na mwanawe. Mwanakuu hakuwahi kujua kama mwenzake aliamini. Shee akafa, wakamzika, na baada ya arubaini sinia ikarudi kati yao kama zamani, na jambo lile halikutajwa.

Sasa uongo ule ule ulikuwa umemtoka mdomoni mara ya pili, na aliyeambiwa ni yule yule. Ikiwa Mwanaesha atauona mdomo huu, utando mweupe huu ambao anaujua kuliko mtu yeyote katika Mji wa Kale, atakumbuka. Na akikumbuka ana haki ya kufanya kama alivyofanyiwa. Atakuja kila siku, atasalimia vizuri, na hatakula. Mwanakuu aliona afadhali vidonda.

Siku ya kurudi hospitali alifika akiwa amejifunika mpaka pua. Daktari akammulika kurunzi mdomoni. Vidonda vilikuwa vimeungana, utando umeshuka mpaka kooni, na damu yake ilipopimwa ilionekana imeshuka mno. Dawa nyekundu haikuwekwa. Akaambiwa mwili hauwezi kupigwa tena ukiwa hivi. Mdomo upone kwanza, ale, apate nguvu, kisha arudi, na asichelewe, kwa sababu matezi hayatamngoja.

Sista Jael alimpeleka pembeni. Akamuuliza kama alisukutua. Kama alikunywa maji. Mwanakuu akajibu kwamba amekuwa akifunga.

"Mama, mimi si wa dini yako," Sista Jael akasema polepole, "lakini nimeuguza watu wa huku miaka mingi. Wote huniambia mgonjwa ameruhusiwa. Nani alikukataza wewe maji?"

Mwanakuu angesema nini? Kwamba haikuwa hata funga, kwamba haikuwa na nia wala thawabu, ilikuwa ni kiu tu. Aliinamisha kichwa, na Sista Jael, ambaye alidhani amemuudhi, akamshika bega akamwambia afungue mdomo. Akachovya pamba katika dawa ya zambarau na kumpaka ulimi, fizi na mashavu ya ndani, na chini ya ulimi, na midomo kwa nje ilipopasuka. Ilimuuma kisha ikampoza. Akapewa na kichupa cha kwenda nacho. Alipojiona katika kioo cha dirisha la kutokea, mwanamke aliyekonda mwenye kinywa cha zambarau, alimjua aliyemwona. Shee alikwenda kaburini na mdomo wa rangi hiyo hiyo.

Alirudi kwa vichochoro vya nyuma, akajifungia. Mwanaesha alipobisha akamjibu kutoka ndani kwamba ana mafua makali, asije akamwambukiza. Kesho yake mafua. Kesho kutwa mafua. Mwanaesha aliacha futari mlangoni, ikakaa mpaka paka wa kichochoro wakaimaliza, na mtu asiyepungukiwa na masikio huwajua paka wanapogombania sufuria yake.

Siku ya tatu, baada ya adhuhuri, Mwanakuu alisahau komeo. Alikuwa ameinama juu ya beseni, kitambaa kichwani kimemteleza na kuacha ngozi tupu, anasukutua, anatema maji ya zambarau, aliposikia kimya cha mtu aliyesimama nyuma yake. Aligeuka. Mwanaesha alikuwa mlangoni na bakuli tupu mkononi, lile alilokuja kulichukua. Alimtazama kichwa. Akamtazama mdomo. Akaliangalia beseni, na kikombe cha maji kilichonywewa nusu, mchana kweupe, na mwenye kikombe amefunga.

Aligeuka akatoka, na nyayo zake zikasikika kichochoroni mpaka zikanyamaza.

Mwanakuu aliketi chini sakafuni alipokuwa. Hakulia, kulia kulikausha koo. Alijiambia ndiyo hivyo, mwanamke, umelipwa, na malipo yamekuja na kipimo chake. Aliona magharibi zote zilizobaki, chache au nyingi, na sinia ya mtu mmoja. Aliogopa hivyo kuliko alivyoiogopa saratani, na alishangaa kwamba ni hivyo.

Adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha mlango uliposukumwa tena. Mwanaesha aliingia bila hodi. Alikuwa na kibakuli, kijiko kimoja, na kitambaa kinachodondoka maji. Aliketi naye pale pale sakafuni. Ndani ya kitambaa mlikuwa na barafu ya maji matupu, imepondwa, aliyoitafuta mpaka kwa watu wa samaki wa Liwatoni wakamchongea upande msafi, kisha akaiosha. Akamtilia punje moja mdomoni, akangoja iyeyuke, akamtilia nyingine. Aliifanya kazi ile kwa mikono iliyoijua. Ulimi wa Mwanakuu ukafa ganzi, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi hakuna kilichomuuma.

Hapo Mwanaesha akachukua kibakuli. Ulikuwa uji wa mchele, umechujwa, umepozwa, tui kidogo na sukari kidogo, hauna pilipili manga wala tangawizi. Alichota, akaonja mwenyewe kwanza aone kama umepoa. Kisha kijiko kile kile akakipeleka katika mdomo wa zambarau. Kisha akachota akala yeye. Kisha mgonjwa. Zamu kwa zamu, kijiko kimoja, mchana, naye asubuhi ile alikuwa amefunga.

"Umefungua," Mwanakuu akanong'ona.

"Mimi sikuwa na kadha," akasema Mwanaesha. "Nalifunga kukufuata wewe tu."

Kijiko kilikuwa na rangi ya zambarau sasa. Mwanaesha alikitia kinywani bila kukipangusa. Mwanakuu akamshika mkono, akaukaza kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

"Si ugonjwa ule," akasema. "Ni saratani, Mwanaesha. Saratani ya matezi. Wallahi si ugonjwa ule."

"Sikukuuliza," akajibu Mwanaesha. Akautoa mkono wake taratibu, akachota tena.

Mwanakuu alimeza. Ganzi ya barafu ilikuwa imeanza kumwisha mdomoni na maumivu yalikuwa yakirudi, lakini alijua kwamba asiposema sasa hatasema tena. Akasema, wakati wa Shee. Akakwama hapo. Akaanza tena, wakati ule wa Shee, mimi, na neno la mbele likakataa kutoka.

Mwanaesha alikiweka kijiko ndani ya kibakuli. Alikaa akiitazama sakafu.

"Nalijua," akasema. "Tangu siku ya kwanza nalijua. Mtu hafungi kadha miezi yote ile. Mimi sikukulaumu, maana uliingia ndani, wenzako hawakuingia. Lakini yeye hakujua. Yeye alikuwa haachi kuuliza. Kila magharibi, mama mdogo mbona hali kwetu siku hizi? Namwambia mama mdogo amefunga, baba, ataftari kwake. Naye husema, Mungu amtakabalie funga yake. Hata siku sauti yake ilipokatika, magharibi ilipoingia nalimwona midomo yataka kusema vilevile."

Mwanakuu akafungua mdomo aseme, na kabla neno halijatoka Mwanaesha akamtilia kijiko kingine cha uji. Ulishuka, na kila mahali ulipopita pakauma, akaumeza wote.